Chakula cha pwani kinataka mvinyo wa bei nafuu

Kwa chakula cha Unguja na Pemba, chupa ya mvinyo ya bei nafuu mara nyingi hufaa kuliko ya bei kubwa. Angalia tu ni nini kinachopandisha bei ya mvinyo: pipa jipya la mwaloni, miaka ya kulazwa ghalani, zabibu chache zenye rangi nzito na ukakasi mkali. Hivyo ndivyo vinavyogombana na tui la nazi, ndimu na pilipili. Mgeni hulipa zaidi ili apate kile kinachomharibia chakula chake.

Kazi yangu ni vinywaji, katika mgahawa wa hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja. Kila msimu namwona mgeni akiagiza pweza wa nazi pamoja na Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu mzito, ya bei ya juu, akiamini kwamba bei itampa uhakika, na mhudumu anaitikia haraka kwa kuwa bili itakuwa nono. Pweza anarudi jikoni nusu. Mpishi aliyemshughulikia tangu asubuhi anadhani kosa ni lake. Namwonea uchungu mpishi kuliko mgeni.

Najua majirani zangu wengi hawanywi, na siandiki kumvuta mtu kwenye glasi. Vileo hapa kwetu vina mahali pake pa kuuziwa na kunywewa kwa leseni, na mwezi wa Ramadhani una heshima zake. Lakini mvinyo unamiminwa kila usiku mahotelini, na wanaoumimina ni vijana wetu, wengi wao hawajawahi kuuonja wala hawana nia hiyo. Wanaambiwa kwamba bila kuonja hawawezi kushauri. Sikubali. Mtu aliyekulia jikoni kwa bibi yake anajua tayari karibu yote yanayohitajika, kwa sababu mambo ya kupima ni machache: ugwadu, sukari, ukakasi na nguvu ya kileo. Matatu ya mwanzo tumeyalamba tangu utotoni, na la nne limeandikwa kwa asilimia kwenye lebo.

Turudi kwa huyo pweza. Ana utamu wake wa bahari, tui zito lina mafuta, kisha kuna kitunguu thomu, bizari, ndimu na pilipili mbuzi kidogo. Mvinyo mwekundu mzito una tanini, inayotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kwenye mbao za pipa pia. Tanini hushikana na protini za mate, mdomo ukakauka kama umeng'ata bibo. Ukiwa na nyama ya mafuta, ukakasi ule hupata cha kushika na hulainika. Ukiwa na pweza haupati kitu. Tena kuna lile onjo baya linalobaki ulimini baada ya samaki na mvinyo mwekundu, ambalo watu hudhani ni samaki aliyelala. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walichapisha kazi iliyoonesha chanzo chake: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo, ambayo mara nyingi huwa mengi zaidi katika mwekundu, yakikutana na vyakula vya baharini huleta shombo. Samaki hana kosa lolote.

Kinachomfaa pweza ni ugwadu. Kama vile tunavyokamua ndimu juu ya mchuzi wa nazi ili mafuta yasitukinaishe, mvinyo mweupe wenye ugwadu hufanya kazi hiyo hiyo kila unapopiga funda. Hapo ndipo ninapoitaja Chenin Blanc ya Afrika Kusini kabla ya nyingine zote. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, lakini kule Afrika Kusini ndiyo zabibu inayochukua eneo kubwa kuliko zote mashambani, kwa hiyo haiadimiki wala haina haja ya kuuzwa ghali. Ile ya bei nafuu hutengenezwa kwenye matangi ya chuma kisichoshika kutu, haipitishwi kwenye pipa, na inauzwa ikiwa bado changa. Unapata ugwadu safi na harufu ya tufaha na pera. Tui la nazi linaipenda. Changu wa kupaka anaipenda. Kamba wa nazi, ngisi, hata ndizi za nazi, zote zinakaa nayo vizuri.

Kwa samaki wa kuchoma aliyepakwa ndimu, kotmiri na kitunguu thomu, nguru au jodari, nahamia Sauvignon Blanc, nyeupe nyingine, maana ile harufu yake ya majani mabichi inapatana na kotmiri. Nayo pia iwe changa, ya bei ya kawaida, isiyopitia mwaloni.

Suala la mwaloni nataka nilisimamie kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapokwenda. Pipa jipya la mwaloni wa Kifaransa, la lita 225, hugharimu mamia ya yuro, na hutoa chupa mia tatu hivi kila likijazwa. Gharama hiyo humwangukia mnywaji. Anapata nini? Kati ya harufu zinazotoka kwenye mbao zile zilizochomwa kwa ndani, moja inatokana na eujenoli. Eujenoli ndiyo kiini cha harufu ya karafuu. Mzungu aliye kwenye nchi ya baridi, mezani kwake ana nyama ya kuoka isiyo na viungo, ana haki ya kulipia harufu ile ndani ya glasi. Sisi tunaye mkulima wa Pemba. Karafuu iko kwenye pilau, iko kwenye biriani, iko kwenye chai. Kumwekea mtu pilau yenye karafuu, mdalasini na bizari nyembamba, halafu ukamuuzia mvinyo uliolala kwenye pipa jipya, ni kumlipisha karafuu mara mbili, na ile ya pili ni hafifu.

Basi pilau inywewe na nini? Nyekundu nyepesi, yenye ukakasi mdogo, iliyopozwa. Cinsaut ya Afrika Kusini ni nzuri sana hapa, na bado haijapandishwa bei kama ndugu zake. Au rozé, mvinyo wa rangi ya waridi, hasa kwa biriani, kwa kuwa rozé ina ugwadu wa mvinyo mweupe na ladha ya tunda ya mwekundu, na haibabaiki mbele ya zafarani, kitunguu cha kukaanga na achari kwenye sahani moja. Nashangaa wahudumu wengi wanavyoiona rozé kama kinywaji cha mabibi harusi kwenye picha za machweo. Ikiwa kavu, yaani isiyo na utamu, ni chupa ya chakula kweli kweli.

Mahali ambapo mvinyo mwekundu wenye misuli unastahili heshima yake ni kwenye mishkaki. Nyama imeungua pembeni, mafuta yanadondokea makaa, chumvi ipo. Chumvi na mafuta huzima ukakasi. Fungua Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 pale Profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Ina moshi moshi wake unaoendana na mkaa. Ya bei ya chini inatosha kabisa. Mishkaki haisubiri mtu anusie glasi robo saa.

Pilipili ndiyo mtihani mkubwa. Kileo huzidisha moto wa pilipili mdomoni, kwa hiyo chupa ya asilimia 14 au zaidi pamoja na mchuzi mkali ni kumwadhibu mgeni. Soma lebo, tafuta asilimia 12 kushuka chini, na usikimbie sukari kidogo. Riesling, mvinyo mweupe, yenye utamu kiasi, au Vinho Verde ya Ureno ukibahatika kuikuta, ambayo mara nyingi ina kileo kidogo na viputo vya kuwasha ulimi, hutuliza pilipili pale ambapo mvinyo mkavu na mzito unaichochea. Kwa sambusa, katlesi na bajia, mvinyo wa mapovu ndio mfalme: mapovu na ugwadu hukata mafuta ya kukaangia. Si lazima iwe Champagne. Cava ya Uhispania hutengenezwa kwa njia ile ile ya kuchachishwa mara ya pili ndani ya chupa, na bei yake ni ya binadamu.

Urojo uacheni. Una ugwadu wa embe na ndimu, una pilipili, una chatne ya nazi, una viazi, bajia na mishkaki juu yake. Chakula chenye ugwadu kuliko mvinyo huufanya mvinyo uwe maji, na sijaona chupa inayoushinda urojo wa Forodhani. Juisi ya ukwaju au ya miwa yenye tangawizi inatosha, na mgeni ashauriwe hivyo bila haya, hata kama hoteli inapoteza mauzo ya glasi moja. Hili linahusu pia mgeni asiyekunywa kileo. Kumpa soda tamu na pweza wa nazi ni uvivu, wakati ukwaju usiotiwa sukari nyingi ungefanya kazi ile ile ya Chenin.

Upande wa kununua, adui yetu ni joto. Mvinyo uliokaa wiki kadhaa kwenye nyuzi zaidi ya 30 hupikika: tunda linakufa, inabaki ladha ya matunda ya kuchemshwa. Huku kwetu hilo linaweza kutokea ndani ya kontena, kwenye stoo ya bati, au kwenye rafu inayopigwa na jua la dirishani. Nikiingia dukani huanza kuangalia kama kuna kiyoyozi, na kama kinawashwa usiku ni bora zaidi. Chupa ya dirishani siigusi, hata ikipunguzwa bei. Kizibo kilichosukumwa juu au chupa yenye michirizi inayonata shingoni, irudishe. Kifuniko cha kuzungusha ni rafiki yetu, hakikauki wala hakivuji kirahisi, na anayekidharau anafuata mazoea tu. Kisha soma mwaka. Afrika Kusini huvuna kati ya Januari na Aprili, kwa hiyo mvinyo mweupe wa mwaka jana ndio unaoutaka. Wa miaka minne nyuma, wa bei nafuu, umeshachoka kabla ya kufika bandarini Malindi, Unguja. Hapa tena bei kubwa haikukingi: chupa ya ghali huuzwa polepole, hukaa rafuni muda mrefu, hupikika zaidi.

Na jamani, mvinyo mwekundu upozwe. Ule ushauri wa kuunywa kwa joto la chumbani ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 16 au 18. Chumba cha Jambiani mwezi wa Februari kina nyuzi 30. Nusu saa kwenye friji kabla ya kumimina, mgeni akinuna mwache aonje kwanza.

Kuna chupa za karibu zaidi ambazo hoteli zetu nyingi zinazificha. Dodoma kuna mizabibu tangu wamisionari walipoipanda, iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuilaza, huvunwa mara mbili kwa mwaka. Makutupora nyekundu ndiyo zabibu yao kuu, na Chenin Blanc ipo pia. Si kila chupa ni nzuri. Zile tamu sana, kama Dompo, zina wapenzi wake lakini mezani na samaki sizitaki. Nyeupe kavu, ikiwa changa na baridi, inasimama na changu wa kupaka bila aibu yoyote. Mgeni aliyesafiri kutoka Milano hana haja ya Pinot Grigio aliyoiacha nyumbani, anauliza "mnacho cha kwenu?" na anajibiwa hapana, wakati katoni iko stoo kwa ajili ya kupikia.

Mwanzoni mwa 2024, vibali vya waingizaji wa vileo vilipokwama, vinywaji viliadimika Zanzibar na bei zikapaa. Mahali penye orodha ndefu ya majina makubwa palihangaika. Orodha fupi inayouzika haraka ingehimili zaidi, na mvinyo wake usingekaa kwenye joto.

Nikiachiwa orodha ya mgahawa wa kawaida wa pwani, ningeweka Chenin Blanc mbili, moja ya Afrika Kusini na moja ya Dodoma, zote kwa glasi. Sauvignon Blanc moja. Rozé kavu moja, Cava moja, Cinsaut iliyotoka kwenye friji, na Pinotage kwa usiku wa mishkaki. Hoteli nyingi huuza chupa kwa mara mbili au tatu ya bei ya kununulia. Kwa chupa hizi faida bado ipo na mgeni ataagiza ya pili. Pembeni ya kila moja ningeandika jina la chakula chetu kwa Kiswahili, changu wa kupaka, pweza wa nazi, biriani ya kuku, ili mhudumu asiyeonja aweze kumwelekeza mgeni kwa kidole, na mpishi ajue chakula chake kinakwenda mezani na nani.