Msimbazi wangu una sufuri nne, kwani kuna ubaya gani?

Juzi kazini, hapa Hamburg, nilikuwa natoa kadi ya basi kwenye pochi, noti yetu ya Tanzania ya shilingi elfu kumi, ndiyo msimbazi wenyewe, ikadondoka. Mjerumani ninayefanya naye kazi akaiokota, akahesabu sufuri, macho yakamtoka. Nilipomwambia haifiki hata yuro 5, akanishika bega kama mtu aliyekuja msibani. Kisha akauliza kama kwetu watu huenda sokoni na hela kwenye gunia.

Gunia! Jamani, waliobeba hela kwa matoroli ni babu zake. Novemba 1923 mkate mmoja Berlin ulifika maki bilioni 200 hivi. Sisi noti yetu kubwa kuliko zote ndiyo hiyohiyo ya elfu kumi. Hata Wajapani noti yao kubwa ni ya yeni 10,000, na sijaona mtu akiwapa pole.

Najua kuna atakayesema, "Wewe unalipwa kwa yuro, shilingi ikishuka unachekelea, leo unajifanya mtetezi wake." Sikiliza ndugu yangu. Yuro 100 nikizituma nyumbani zinageuka shilingi nyingi kweli, lakini mama anaingia nazo duka lilelile unaloingia wewe, anakuta mafuta ya kula yamepanda, sukari imepanda. Nyingi hizo zinaishia hapohapo kaunta. Sasa nichekelee nini?

Na sisemi shilingi yetu ni nzima. Ilipoanza mwaka 1966, dola moja ulikuwa unaipata kwa shilingi 7 na senti kidogo. Leo inapita 2,000. Linaniuma, na nikiwa na Watanzania wenzangu hapa tunalisema hadi usiku wa manane. Ila sufuri hazijawahi kumlaza mtu njaa. Kinachotuumiza ni mshahara unaosimama palepale huku bei zinakimbia. Yule bwana angeniuliza hilo, ningekaa naye mchana kutwa nimweleze. Yeye kaona sufuri tu, akatuhurumia taifa zima kwa noti moja.

Mwingine atasema naringa, eti mgeni kaonyesha huruma nami nimenuna. Huruma naipokea. Lakini anihurumie kwa shida niliyonayo, asinitungie nyingine.

Tena angejua noti ile ilivyo nzito kwetu! Panda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, mpe konda msimbazi. Utasemwa mbele ya gari zima, abiria wakugeukie kama umetukana, na unaweza kushushwa kituo kinachofuata kwa sababu hakuna wa kuivunja. Hapa wanaiona karatasi ya kuchezea watoto, kule inamshinda konda.

Nimeirudisha kwenye pochi. Desemba nikitua Dar nitampa dereva wa bajaji, naye najua ataitazama, atashusha pumzi, atauliza, "Kaka, huna ndogondogo?"