Kunakili ubao si kuandika

Ukiingia darasa la tatu au la nne katika shule nyingi za hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, utavutiwa na madaftari. Mwandiko umenyooka, tarehe imepigiwa mstari kwa rula, vichwa vya somo viko kwa biki nyekundu. Sasa fungua ukurasa wa wiki iliyopita, umwombe mwenye daftari akusomee. Wengi watainamisha kichwa. Wamechora waliyoyaona ubaoni, basi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jambo hili linaniuma.

Tangu elimu ya msingi iwe bure, Septemba 2019, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa ada wamekuja shuleni. Hilo ni jambo jema kabisa. Lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Benchi la wawili linakaliwa na wanne, kitabu anacho mwalimu peke yake, na njia rahisi ya kulituliza darasa ni kujaza ubao na kusema: andikeni. Siwalaumu wenzangu. Ila hata katika hali hii, robo saa kila siku inatosha kumzoesha mtoto kusoma bila kusukumwa.

Darasani kwetu tuna katoni ya sabuni. Ndani mna karatasi za kalenda za zamani, tulizozikata na kuzishona kwa uzi. Upande mweupe tumeandika hadithi fupi kwa mkono: sungura na fisi, wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwani), namna ya kupika sombe, yaani kisamvu. Wakirudi kutoka mapumziko, kila mtoto anachagua yake. Ikimshinda anairudisha na kuchukua nyingine, haulizwi kitu. Mimi nami nakaa nasoma changu, wananiona. Mtoto anayesoma kwa sauti pamoja na darasa zima anaweza kufuata mdomo wa jirani mwaka mzima bila kujulikana. Akiwa peke yake na karatasi yake, lazima macho yafanye kazi.

Kisha wanaandika sentensi moja au mbili za kwao. Msichana mmoja aliandika: «mama anakataza nisibebe bidoni kubwa lakini mimi naibeba» (bidoni ni dumu). Hakuweka nukta wala herufi kubwa. Akamsomea jirani yake, akageuka akamsomea wa benchi la nyuma, halafu mwenyewe akachukua biki na kuongeza «ya maji», kwa sababu yule wa nyuma alimuuliza bidoni ya nini. Hakuna somo langu la sarufi lililowahi kumfanya arudie sentensi yake kwa hiari.

Célestin Freinet, mwalimu wa Ufaransa aliyejeruhiwa pafu katika Vita Kuu ya Kwanza, hakuweza kuhutubia darasa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1920, katika shule ya Bar-sur-Loup, aliwaletea watoto mashine ndogo ya kuchapa, nao wakaandika habari zao, wakazichapa, wakaandikiana na watoto wa shule nyingine. Sisi mashine hatuna. Sentensi ya bidoni niliiandika kwa herufi kubwa, ikaingia kwenye katoni, na sasa inagombewa.

Wazazi wengine huniambia: mwalimu, mtoto nilimleta ajifunze Kifaransa. Nawaelewa. Lakini sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo. Tena Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, wakati Kifaransa kina «o», «au» na «eau» kwa sauti moja. Mtoto aliyekwisha kuzoea kusoma lugha ya nyumbani kwao anafika kwenye ugumu huo akiwa tayari ni msomaji.

Karatasi nyingine zinakwenda nyumbani na hazirudi. Mwenzangu alishauri tuifungie katoni kabatini. Nimekataa. Mtoto anayeficha hadithi ndani ya shati lake ndiye tunayemtafuta, na kila Ijumaa wakubwa wa darasa la sita wanatuandikia nyingine.