Mabadiliko kazini: haraka hii ni ya nani?

Uongozi ukitaka kubadili utaratibu wa kazi, mvutano huwa ule ule. Wapo wanaotaka waraka utoke Ijumaa na utaratibu mpya uanze Jumatatu, na wapo wanaosema watu waketi kwanza, wazungumze.

Wenye haraka wana mfano mzito. Oktoba 1999, kampuni ya magari ya Nissan ya Japani ikiwa imelemewa na madeni, Carlos Ghosn, mmoja wa viongozi wake wakuu, alitangaza kufunga viwanda vitano na kupunguza ajira 21,000. Mwaka wa fedha uliofuata, kampuni ilirudi kwenye faida. Nyumba ikiungua, huitishi kikao. Lakini wanaoutaja mfano huo mara nyingi husahau kwamba mpango wenyewe ulitokana na timu za watu wa Nissan kutoka idara mbalimbali, waliopewa miezi mitatu tu kuchambua matatizo. Uamuzi ulikuwa mkali, ila ujuzi ulitoka ndani.

Upande wa pili una kiwanda cha pajama cha Harwood, jimboni Virginia, Marekani, miaka ya 1940. Kundi moja la wafanyakazi lilielezwa utaratibu mpya na viwango vipya vya malipo, likarudishwa kazini. Ndani ya siku 40, asilimia 17 walikuwa wameacha kazi, na uzalishaji ulidorora. Makundi mengine yalielezwa tatizo la gharama, kisha wafanyakazi wote wakashiriki kupanga namna mpya ya kufanya kazi. Hakuna aliyeacha, na walivuka kiwango chao cha zamani cha uzalishaji kwa takriban asilimia 14. Kinachonigusa zaidi ni kwamba waliobaki katika lile kundi la kwanza, walipobadilishiwa kazi tena baadaye kwa kushirikishwa, nao walifanya vizuri. Walikuwa watu wale wale walioonekana wakaidi.

Hata hivyo, ushirikishwaji hula muda, na kuna maamuzi ambayo hauwezi kuyabeba: huwezi kumwomba mtu apange jinsi nafasi yake itakavyofutwa.

Kwa hiyo mimi huanza na maswali mawili: ni nani anayeijua kazi hii kwa undani, na haraka hii inatoka wapi, kwenye akaunti ya benki au kwenye moyo wa bosi? Kama mkataba wa mfumo mpya umeshasainiwa, msiwaite watu "kutoa maoni". Waambieni wazi kwamba hilo limeamuliwa, kisha waulizeni kuhusu yale yaliyobaki: ratiba, mafunzo, nani aanze. Hapo bado wana la kusema, nanyi mna la kusikia.