Heri Iharibike Pampu

Kila EWURA inapotangaza bei mpya za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi, zile video huanza kusambaa tena: kijana, ndoo, mwiko, mafuta meusi ya kukaangia chipsi, na mwishoni kitu cha rangi ya asali kinamiminwa kwenye tanki la pikapu. Swali linalofuata huwa ni lile lile: hii kitu ni salama? Salama kwa nani, kwa gari au kwako? Wanaoyachanganya haya mawili ndio wanaoishia kuchagua njia mbaya, maana hapa kinachoifaa injini ndicho kinachomhatarisha mtu.

Njia zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni kuchuja mafuta yaliyotumika na kuyachoma kama yalivyo. Ya pili ni kuyageuza kuwa biodizeli kwa kuyachanganya na methanoli, pombe ya viwandani isiyonyweka, na kostiki soda, mpaka gilisarini ijitenge na kutuama chini.

Ya kwanza ni ya zamani. Kwenye Maonyesho ya Paris ya 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe aliwahi kuisimulia habari hiyo. Hapa kwetu, shirika la nishati la TaTEDO lilifunga mashine Engaruka, wilayani Monduli, inayotumia mafuta ya mbono. Kwa hiyo inawezekana. Tatizo ni uzito: mafuta ya kula yakiwa nyuzi 40 ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Nozeli haiwezi kuyapuliza kama mvuke, inayatema matone. Matone hayaungui yote, masizi yanaganda kwenye ncha ya nozeli, ringi zinanasa, na yale yasiyoungua yanapenya hadi kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili unakuta imekuwa nzito kama uji uliolala. Hapo fundi ataifungua injini, upende usipende. Tena mafuta mengi ya kupikia tunayonunua ni ya mawese. Nenda nayo Njombe mwezi wa saba uone kama yatapita kwenye filta asubuhi.

Zipo injini zinazovumilia. Mashine ya kusaga yenye injini ya Lister, au nakala yake ya Kihindi, inayozunguka polepole kutwa nzima kwa mzigo ule ule, inavumilia sana. Injini za zamani zenye chemba ya awali, kama 2L ya Hilux au 1HZ ya Land Cruiser, zinavumilia kiasi, mradi uweke matanki mawili: uwashe kwa dizeli, uhamie kwenye mafuta yakishapashwa na maji ya rejeta hadi nyuzi 70 au zaidi, kisha urudi kwenye dizeli kabla ya kuzima. Komoni reli, yaani injini za kisasa zinazopuliza dizeli kwa shinikizo kubwa sana, usiiguse kabisa.

Lakini tazama mwili wako ulivyo katika haya yote. Mafuta ya kula hayashiki moto kwa kiberiti. Hayapofushi mtu. Unaweza kuungua, ndiyo, hasa ukiyachemsha kutoa maji yaliyomo, maana maji hayo yakifura yanarusha mafuta ya moto nje ya sufuria, lakini hatari hiyo kila anayekaanga maandazi anaijua. Isiyojulikana sana ni ya matambara: lundo la vitambaa vya pamba vilivyolowa mafuta, hasa ya alizeti, linaweza kujipasha joto lenyewe hadi likawaka. Yaanike yakiwa yametandazwa, usiyarundike. (Na ukinunua mafuta vibandani, jua unanunua nini. Kenya, mafuta ya transfoma yamewahi kuibwa na kuuziwa wakaangaji wa chipsi kwa kuwa yanadumu kwenye kaango. Yale sitaki hata yakae kwenye gereji yangu.)

Methanoli ni habari nyingine. Kila lita ya mafuta inadai kama mililita 200 zake, kwa hiyo ukitaka kugeuza lita 100 umeshaingiza nyumbani dumu zima la lita 20. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 11 hivi. Dar es Salaam hakuna saa ambayo baridi inashuka hadi huko, hata alfajiri ya Julai. Likiwa wazi, dumu hilo linangoja cheche tu: swichi ya taa, mota ya pampu unayokorogea, jiko la mkaa la upande wa pili wa ukuta. Ikiwaka mchana juani moto wake karibu hauonekani, unaweza kuukanyaga bila kujua. Na kijana wa video anakwambia uyapashe mafuta hadi nyuzi 55 ndipo uimimine humo, wakati yenyewe inachemka kwenye 65, tena kwenye ndoo isiyo na mfuniko!

Sumu yake Afrika Mashariki tunaijua kwa makaburi. Novemba 2000 Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2010 Kabale, Uganda, ilikuwa waragi. Mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu, 30 zinaweza kumuua, na anayekunywa hajui mapema: anajisikia kalewa kidogo, analala, kesho yake anaanza kuona ukungu. Ni kimiminika cheupe kama maji, na sisi kila kitu tunakihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Si lazima inywewe, kwani inapita pia kwenye ngozi na kwenye pumzi, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Ukiichanganya na kostiki soda inapata joto yenyewe, na tone moja likiruka jichoni linaweza kuliondoa jicho.

Watetezi wa biodizeli husema kwamba ni salama kuliko hata dizeli ya kituoni, kwa kuwa mvuke wake haushiki moto mpaka ipite nyuzi 100. Ni kweli, kwa iliyokamilika. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinataka methanoli iliyobaki isizidi asilimia 0.2. Ya uani, iliyooshwa mara moja kwa maji ya bomba na kupimwa kwa macho, ina kiasi gani? Methanoli kidogo tu ikibaki, sifa ile ya usalama imekwisha, na dumu limeshaandikwa "biodizeli" na kuwekwa chini ya kitanda.

Kinachonikera zaidi ni ushauri wa gilisarini. Inayobaki chini ya pipa ina methanoli na kostiki ndani yake. Si ile ya dukani ya kupaka. Bado kuna wanaofundisha kina mama kuikatakata kuwa sabuni ya kuuza, na ninaogopa siku atakayetokea mjanja wa kuitia kwenye vichupa na kuiuza kama mafuta ya ngozi.

Msimamo wangu basi: nyumbani penye watoto, kama lazima ujaribu, choma mafuta yaliyochujwa kwenye injini kuukuu na ukubali kwamba siku moja utamlipa fundi pampu. Nimeambiwa kwamba gari kuzima barabarani nako ni hatari. Ni hoja nzito. Filta ikiziba katikati ya mlima wa Kitonga, na semi iko nyuma yako, usukani umekuwa mgumu na breki zimepoteza nguvu, hilo nalo ni kaburi. Ndiyo maana nasema mafuta hayo ni ya mashine ya kusaga, ya jenereta kuukuu, ya trekta la shambani, si ya gari la safari. Mwenye gari la safari anunue dizeli.

Na wanaoitaka biodizeli kwa dhati wachangie mtambo mmoja, wawe kumi au ishirini: tangi la chuma lililofungwa, mota isiyotoa cheche, banda lisilo na kuta, mbali na nyumba, mtu aliyefunzwa, miwani, glavu nene, na kipimo cha methanoli kabla lita hata moja haijatoka. Gharama yake ikigawanywa bado inalipa. Ikionekana hailipi, basi hata ile ya ndoo ilikuwa hailipi. Ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu macho yake.