Shati jipya la kuchafuliwa

Juzi usiku nimetoka kazini mgongo hautoi ushirikiano, nimekaa zangu nasubiri ugali, binti yangu Zai akaja na ile sauti ya heshima iliyopitiliza. Wazazi wenzangu hiyo sauti mnaijua. "Baba, shikamoo." Asubuhi alishaniamkia. Shikamoo ya pili ndani ya siku moja ina bei.

"Marahaba. Shilingi ngapi?"

"Naomba shati jeupe jipya."

Nikamwambia mwanangu, Ijumaa unafanya pepa ya mwisho, form four ndo imeisha hiyo, shati jipya la nini tena? Akanijibu kwa utulivu kabisa, la kuandikwa. Kuandikwa na nani? "Na wenzangu baba, tukitoka tu kwenye mtihani tunaandikiana kwa maka peni, majina, namba za simu, maneno ya kuagana. Hili langu limefubaa, wino hautaonekana."

Limefubaa! Hilo shati nilimnunulia kubwa makusudi ili akue ndani yake, form one alikuwa anakunja mikono mara tatu, form three kola ikachanika fundi akaigeuza nje ndani na maisha yakaendelea. Miaka minne yote nyumba hii imepigana na doa la peni, mama yake ameshawahi kumnyima chai kwa tone la wino mfukoni. Leo natakiwa ninunue jipya, jeupe pee, ili darasa zima la watoto wa watu wajipange foleni walichore. Na maka peni ninunue mimi pia, ya bluu na nyekundu, maana eti ya rangi moja haipendezi.

Sasa kama unadhani hapo ndo kuagana kwenyewe, ndugu yangu hapana, kuagana kulianza Oktoba. Mahafali. Hili jambo mi huwa nalitafakari nikiwa stoo peke yangu: mahafali Oktoba, mtihani Novemba, matokeo Januari. Yani mtu ameshavaa joho, ameshakata keki, ameshamlisha mgeni rasmi kipande mdomoni, na hajaulizwa swali hata moja. Halafu Januari ikija na ziro hakuna anayerudisha keki.

Mchango ulikuwa elfu arobaini. Mweka hazina wa group la wazazi ana kipaji, waliolipa anawaandika kwa herufi ndogo na tiki, tusiolipa kwa HERUFI KUBWA bila hata alama ya salamu. Nililipa. Serikali ilipofuta ada 2016, ada yenyewe ilikuwa elfu ishirini kwa mwaka shule za kutwa, tulishangilia mtaa mzima. Naomba muishike hiyo elfu ishirini, ntairudia.

Kadi ilisema saa tatu, mgeni rasmi kaingia saa sita na nusu na akapigiwa makofi ya kuwahi. Ikasomwa risala, pamoja na mafanikio hayo shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo, uzio, matundu ya vyoo, maabara haina hiki haina kile, ilipotajwa saruji tu mkuu wa shule na walimu wote shingo zikanigeukia mimi, kwa sababu wamesikia nafanya kazi hadiwea. Jamani mi natunza stoo. Duka la bosi. Mgeni rasmi akaahidi mifuko hamsini, na mpaka leo kila lori likiondoka naangalia kama ni ile hamsini, sijaiona.

Lakini yote hayo nimesamehe. Nisichosamehe ni yule dogo wa picha.

Tumeshakula, natoka zangu taratibu na koti langu, nafika getini nakuta dogo ametandika turubai, picha zimepangwa chini na nyingine amezibana na vibanio kwenye kamba kando ya uzio, ana kiprinta kinaungurumia jenereta, watu wameinama kila mmoja anajitafuta. Na mimi nikainama. Kwenye kamba, katikati kabisa, mahali ambapo hata kipofu angepapasa akaiona, kuna mzee kalala. Kichwa kimeangukia nyuma, mdomo wazi hesabu magego yote, miwani imeshuka, na juu yake kuna bango KARIBU MGENI RASMI. Nikasema masikini, huyu baba wa nani? Halafu nikaliona koti.

"Dogo. Nani kakutuma unipige picha?"

"Shikamoo mzee wangu. Hiyo imetoka kali hiyo. Elfu mbili tu."

"Marahaba. Nimeuliza nani kakutuma."

"Mzee kwenye sherehe hatutumwi, tunanasa matukio."

Matukio! Kulala kwangu ni tukio. Na naomba niweke kumbukumbu sawa hapa, mi sikulala kwa dharau. Usiku wa kuamkia siku ile lori la bati liliingia saa nane, nimehesabu bati mpaka alfajiri, nikaoga, nikavaa koti, nikaenda kukaa chini ya turubai kwenye joto lile masaa matatu kumsubiri mtu. Mwili una haki zake bwana! Yeye dogo hakupiga nilipokuwa nimeamka nashangilia, hakupiga nilipomvisha mwanangu shada, kaningoja nimezima ndo kaja na kamera.

Basi nikajituliza. Nikamwambia kiungwana, kijana, hiyo picha siinunui, itoe kwenye kamba. Akasema nikiitoa mzee nakula hasara, karatasi hiyo, wino huo, petroli ya jenereta hiyo. Nikamwambia basi igeuze itazame uzio. Akasema ikigeuka mwenyewe ataionaje? Mwenyewe si mimi! Sasa mzee kama ni wewe si ununue.

Wakati tunabishana hivyo akapita mama mmoja wa kikoba cha mke wangu. Akasimama. Akaangalia kamba, akaniangalia mimi, akaangalia kamba. "Huyu si baba Zai?" Akaita mwenzie. Mwenzie akaja na mwenzie. Wamesimama watatu wanaitazama kwa makini, mmoja anasema mbona anaonekana kama anaimba, mwingine anasema hapana huyo ameitwa na Mungu, wa tatu, ambaye ndiye katibu, anafungua pochi. Namuona kwa macho yangu anafungua pochi! "Dogo, hii bei gani?"

Nikalipa elfu mbili kabla hajamaliza sentensi.

Nakunja ile picha naiingiza mfukoni, dogo ananiambia mzee zipo tatu. Zipi tatu? Akatoa ya pili kwenye bahasha. Hapo niko meza ya chakula, nimeshika paja la kuku kwenye mfuko wa nailoni, nalielekeza mfuko wa ndani wa koti. Imepigwa karibu mpaka mafuta yanang'aa. Kila mwenye mtoto anaelewa, kadi ilikuwa ya watu wawili, kitinda mimba wangu kabaki nyumbani analia, lile paja lilikuwa lake na nilichangia elfu arobaini, sijaiba kitu cha mtu. Lakini picha haina maelezo. Nikalipa.

Ya tatu mgeni rasmi anatabasamu na wahitimu. Nikamwambia hii mimi simo. Dogo akaweka kidole pembeni kabisa mwa karatasi. "Wewe huyu hapa mzee."

"Hilo ni sikio."

"Sikio si lako mzee?"

Nikaliangalia. Lilikuwa langu.

"Yani sikio elfu mbili?"

"Hilo nakufanyia buku mzee, kwa sababu umepiga na kiongozi."

Basi nikawa nimenunua kulala, kuku na sikio. Nataka kuondoka, Zai huyo na wenzake mbio, baba njoo ulipie zangu. Ana rundo. Pozi ni lile lile, mkono kiunoni mdomo umechongolewa, anabadilika wa pembeni tu, yeye na Aisha, yeye na Neema, yeye na Aisha na Neema, yeye na mtu nikamuuliza huyu nani akasema simjui vizuri ila alikuwa mkondo B. Dogo anapiga hesabu kwenye simu huku anapiga mluzi. Sasa ile elfu ishirini niliyowaambia muishike, ada ya mwaka mzima, kuanzia hesabu mpaka baiolojia na mwalimu wa zamu juu, imeishia pale getini kwenye turubai na nikaongezea.

Namaliza kulipa, dogo ananiuliza kwa upole, mzee nikutumie na kwenye simu? Buku tu zote.

Nikamwambia kwa hiyo bado unazo. Akasema zipo kwenye kamera mzee. Hata ya kulala? Hata ya kulala.

"Sasa mimi nimenunua nini?"

"Umenunua karatasi mzee."

Jamani! Nilihisi presha inapanda kwa miguu. Nimemlipa tena ili afute, akabonyeza bonyeza mbele yangu akasema tayari, sasa mi najuaje amefuta au amekuza? Jumatatu yake group la wazazi likaingia ujumbe wa mweka hazina, hongereni sana wazazi kwa kufanikisha, chini yake picha kumi na sita, ya tisa ni mimi. Kuna mzazi ameweka ile alama ya mikono ya kuombea marehemu.

Halafu ndo unakuja kuniomba shati.

Nikamwambia Zai tutaangalia la mtumba. Akasema ya mtumba mengi yana jina la hoteli limeshonwa mfukoni. Mama yake akadakia eti mtoto anaaga mara moja tu. Mara moja! Jirani yangu mwenye wa form six ananicheka, anasema ngoja ufike kwangu, huku mahafali yakiisha wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, unatafuta bukta ya dark blue na raba na nauli ya kwenda kambini mkoa ambao hujawahi kukanyaga.

Na kama ni kuaga kweli basi waage na wageni. Mjomba wa mke wangu alisikia neno mahafali akiwa Tabora, akashuka na kuku wawili na kibegi kidogo cha siku mbili, tukamshukuru. Novemba inaisha, mjomba yupo. Kuku tulishawala wale. Anaamka wa kwanza, anawasha redio na tivii vyote kwa pamoja, redio anasikiliza tivii anaangalia. Jana nimeweka umeme wa elfu tano, leo asubuhi luku inalia, naingia sebuleni namkuta anapiga pasi koti. Nikamuuliza mjomba safari? Moyo ukafurahi kidogo. Akasema hapana baba, Jumamosi nimealikwa mtaa wa pili, kajukuu ka rafiki yangu wa kahawani kanahitimu chekechea, kana joho na kila kitu, na hapo nilikuwa nakusubiri wewe, siwezi kwenda mikono mitupu, una bahasha?