Bell, California: jinsi kodi ya nyumba ilivyovuka ukomo wake

Proposition 13, iliyopitishwa na wapiga kura wa California tarehe 6 Juni 1978, inasifiwa kila panapojadiliwa namna ya kuizuia serikali ya mtaa kupandisha kodi ya nyumba. Iliandika ndani ya katiba ya jimbo kwamba kodi ya msingi isizidi asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na kwamba thamani hiyo isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe au ijengwe upya. Aliyenunua nyumba kwa dola 300,000 anaanza na kodi ya 3,000. Miaka 10 baadaye, hata bei ya soko iwe imepanda maradufu, mthamini hawezi kumkadiria zaidi ya 365,700 hivi.

Naiunga mkono kinga hiyo. Ninachokataa ni imani kwamba inatosha peke yake. Mwaka 2010 wakazi wa Bell, mji mdogo wa watu wapatao 35,000 karibu na Los Angeles, wengi wao wahamiaji wa kipato cha chini, walikuwa wakitozwa asilimia 1.55. Kwa nyumba ya dola 300,000 hiyo ni 4,650 kwa mwaka, yaani 1,650 juu ya ukomo wanaoujua watu.

Sehemu ya ziada hiyo ilikuwa halali. Proposition 13 iliyaacha nje ya ukomo madeni ambayo wapiga kura waliyaidhinisha kabla ya Julai 1978. Mwaka 1982, katika kesi ya Carman v. Alvord, Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba tozo ya kulipia pensheni za watumishi, kama iliidhinishwa kabla ya tarehe hiyo, nayo ihesabiwe kuwa deni. Bunge la jimbo likajibu kwa kugandisha kiwango cha tozo hiyo pale kilipokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bell ikakipandisha hata hivyo. Mdhibiti wa Fedha wa jimbo, John Chiang, alikuta wakazi wametozwa dola milioni 2.9 kupita kiasi, na ikabidi sheria maalumu ipite mwaka huohuo wa 2010 ili fedha zirudi kwa waliozilipa.

Wakati huohuo mkurugenzi wa jiji, Robert Rizzo, alikuwa na mshahara wa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Madiwani, kazi yao ikiwa ya muda tu, walipata karibu 100,000 kila mmoja, sehemu kubwa ikiwa malipo ya kukaa kwenye bodi ambazo vikao vyake vilichukua dakika chache au havikufanyika kabisa. Mlango wa malipo hayo ulifunguliwa Novemba 2005, katika uchaguzi maalumu wa kuifanya Bell jiji lenye katiba yake. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika 400. Kwa kura hizo chache, baraza likatoka chini ya sheria ya jimbo inayoweka ukomo wa malipo ya madiwani.

Kanuni za maadili zilikuwepo, na hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Tangu 2006 diwani anayelipwa anatakiwa kupata saa 2 za mafunzo ya maadili kila miaka 2. Kila mwaka hujaza Fomu 700, yaani tamko la maslahi yake ya kifedha: mali isiyohamishika ndani ya eneo lake yenye thamani ya dola 2,000 au zaidi, isipokuwa nyumba anayoishi, vitega uchumi kuanzia 2,000, kipato kuanzia 500, zawadi kuanzia 50 kutoka chanzo kimoja. Jambo likimgusa kimaslahi, hutangaza maslahi hayo, hajadili, hapigi kura, na kwa kawaida hutoka nje ya chumba. Ni kanuni nzuri dhidi ya diwani mwenye kiwanja kando ya barabara inayopangwa. Lakini Fomu 700 haiulizi mshahara unaolipwa na serikali yenyewe. Diwani wa Bell angeweza kuijaza kikamilifu, na wizi usionekane popote.

Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ni kuongeza saa za mafunzo, simkubalii. Uovu wa Bell ulifichuliwa na gazeti, Los Angeles Times, Julai 2010, baada ya waandishi kudai mikataba ya ajira. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014. Hatua zilizofuata zilizo na uzito, kwa maoni yangu, ni tatu: miji kulazimika kuripoti mishahara ili jimbo liichapishe mtandaoni, ajenda kuwekwa kwenye tovuti saa 72 kabla ya kikao, na pendekezo la katiba ya jiji kupigiwa kura katika uchaguzi mkuu tu, watu wengi wanapojitokeza.

Mwenye nyumba wa California aanze na bili yake. Mstari wa kodi ya msingi ukizidi asilimia 1, hilo ni kosa la moja kwa moja. Chini yake huja mistari ya madeni yaliyopigiwa kura, na tozo za kila kiwanja ambazo hazitegemei thamani. Kwa kila mstari, muulize karani wa jiji uliidhinishwa lini, kwa azimio namba ngapi, na kwa kura ngapi. Akijibu kwa mdomo tu, omba azimio lenyewe. Fomu 700 ya diwani unaweza kuisoma bila kuonyesha kitambulisho, na nakala haizidi senti 10 kwa ukurasa. Ukikuta umetozwa zaidi ya sheria, usikatae kulipa, maana adhabu ya kuchelewa ni asilimia 10. Lipa, kisha wasilisha dai la kurudishiwa kwa kaunti ndani ya miaka 4.