Orodha Hakiki Wodini: Inaokoa Wagonjwa au Inajaza Majalada?

Chukua chati ya mgonjwa aliyelazwa katika wodi yenye msongamano, uitazame safu ya upumuaji. Si ajabu ukakuta 20 asubuhi, 20 mchana na 20 usiku, na mgonjwa wa kitanda cha jirani naye ana 20. Joto na shinikizo la damu husomwa kwenye kifaa, lakini kuhesabu pumzi kunamtaka muuguzi asimame kando ya kitanda dakika nzima akitazama kifua kinavyopanda na kushuka, na mwenye wagonjwa thelathini peke yake dakika hiyo hana. Wakaguzi wakija, chati hiyo itapata alama zote, kwa kuwa hakuna kisanduku kilichoachwa wazi.

Wanaozitilia shaka juhudi za kuboresha huduma hospitalini huanzia hapa: kwamba kinachoboreka ni karatasi. Hata hivyo, upande wa pili una ushahidi usiopuuzika. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya orodha hakiki ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaliyofanyika katika hospitali nane za miji minane, zikiwamo za London, Manila na Ifakara. Orodha hiyo ina mambo 19 tu ya kuthibitishwa na kuwekewa tiki moja baada ya jingine, kama vile kulithibitisha jina la mgonjwa na mahali atakapopasuliwa, kuhakikisha amepewa antibiotiki kabla ya kupasuliwa, na kuhesabu vifaa kabla hajatolewa chumbani. Hakuna humo jambo ambalo wapasuaji hawakulijua, lakini vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Miaka mitano baadaye ukaja utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, katika hospitali 101 zilizotakiwa kutangaza hadharani kiwango chao cha kuitumia orodha hiyo. Karibu zote zilisema zinaitumia ipasavyo. Vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo inayoweza kuwa ya bahati tu. Yawezekana kweli kwamba pale vifo vilikwisha kuwa vichache, hivyo nafasi ya kushuka zaidi ilikuwa finyu. Mimi naona pia kwamba hospitali inayojua takwimu zake zitaanikwa hujifunza upesi sana kuweka tiki.

Ndiyo maana mfano wa Michigan, Marekani, unanivutia kuliko yote. Kuanzia mwaka 2004, vyumba zaidi ya mia moja vya wagonjwa mahututi vilianza kufuata mambo matano wakati wa kuweka mirija katika mishipa mikubwa ya damu, yakiwamo kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa dawa ya klorheksidini na kuutoa mrija usiohitajika tena. Ndani ya miezi 18 maambukizi ya damu yatokanayo na mirija hiyo yalipungua kwa hadi asilimia 66. Wengi husimulia habari hii kana kwamba orodha ndiyo iliyofanya kazi yote, wakasahau mawili: vifaa vyote viliwekwa pamoja kwenye kitoroli kimoja ili mtu asikimbizane na makabati, na muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua. Uwezo huo wa kumwambia mkubwa "subiri" haumo kwenye fomu yoyote.

Hata hivyo, kutenda sawasawa nako huenda kusitoshe. Katika jimbo la Uttar Pradesh, India, mradi mkubwa ulichapisha mwaka 2017 matokeo ya kuwapa wakunga orodha hakiki ya uzazi pamoja na wakufunzi wa kuwasimamia, ukifuatilia wajawazito zaidi ya laki moja na nusu. Utendaji wa wakunga ulipanda waziwazi, ukalegea kiasi wakufunzi walipoondoka, lakini vifo vya mama na mtoto havikubadilika. Mkunga anaweza kuzifuata hatua zote, kisha mama anayevuja damu akahitaji damu ya kuongezewa au upasuaji ambao kituo hakina, na hapo orodha haina la kumsaidia.

Kuacha kupima si jibu, maana bila takwimu tusingejua lililotokea Michigan wala lililokosekana Uttar Pradesh. Ninachokipinga ni kipimo kinachomwadhibu aliyesema kweli. Wodi ingemruhusu muuguzi aandike "sikupima" bila kuitwa ofisini, mganga mkuu angejua kwa siku chache tu kwamba zamu ya usiku haina watu wa kutosha. Wapo watakaosema ruhusa hiyo italea uvivu, na kwa baadhi ya watu ni kweli. Lakini 20 ya kubuni humwambia daktari wa zamu kwamba mgonjwa hana neno, ilhali kisanduku kitupu humpeleka kitandani akaangalie mwenyewe.